Injini Haina Ulimi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa mvuke wake. Ulikuwa ukifoka chini ya boneti ya Landrova ya baba, mweupe, wenye harufu ya chuma kilichoungua, pale njia panda ya Misigiri. Watu waliokuwa wakiuza vitunguu na kuku kando ya barabara waliacha biashara zao wakaja kutazama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, leseni mpya ikiwa mfukoni, na usoni nimevaa miwani ya jua niliyoiazima.

Nakuandikia wewe utakayekuja kushika ufunguo wa gari hili. Sijui utakuwa mtoto wa nani katika ukoo wetu, lakini najua utakuwa kijana, na utakuwa na haraka. Mimi mwenyewe sijazoea kuitwa mzee. Nina miaka arobaini na sita, na zaidi ya nusu yake nimeimaliza nikihama huku na huku. Ila watoto wa hapa kijijini wananiamkia shikamoo bila kusita, nami nikishaitikia marahaba naona napaswa kusema jambo la maana kidogo.

Gari lenyewe kwanza. Baba alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu mjini Singida kabla mimi sijaanza shule. Ni Landrova ndefu ya kijani, ya petroli, yenye vioo vya kusukuma kwa mkono na kiti cha mbele cha kukaa watu watatu. Watu wa Misigiri waliliita Beberu, kwa jinsi lilivyoupanda mlima wa Sekenke likiwa na magunia ya vitunguu bila kupumzika, kama mbuzi dume. Mwalimu wetu wa siasa alikataa. Alisema limeitwa hivyo kwa sababu limetoka kwa Waingereza. Vyovyote iwavyo, jina likakaa. Beberu alipeleka wagonjwa Kiomboi, alileta maharusi, alibeba majeneza. Mama alikuwa akisikia mngurumo wake kwa mbali anabandika maji ya ugali, na baba alipozima injini uani, ugali ulikuwa unasongwa.

Aliyemfanya Beberu apande milima alikuwa fundi Athumani. Huyu alikuja kutoka mjini Singida, mtoto wa wafanyabiashara wa Kiislamu, akafungua gereji ya mabati pale njia panda. Yeye na baba walikuwa marafiki kiasi kwamba Krismasi alichinja yeye ili na watu wa kwake wale, na Idi sisi tulihamia kwake tangu asubuhi. Alimzidi baba mwaka mmoja, kwa hiyo nilimwita baba mkubwa. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine popote nilipopita. Akiletewa gari linalochemsha, alisubiri lipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, kwa kitambaa, akachovya kidole, akaonja. Kisha alitema na kusema: "Kutu." Au: "Oili imeingia." Au: "Hii gasketi inavuja, ahirisha safari yako." Hakuwa anakosea. Madereva wa malori walikuwa wakisimama makusudi waone fundi anayeonja magari kama mchuzi.

Sasa kosa langu. Baba alinituma mjini Singida na shehena ya vitunguu, mara ya kwanza peke yangu, na mpira mmoja wa maji ulikuwa unavuja kidogo. Akaniambia: "Ukifika, jaza rejeta na dumu kwa maji ya bomba la stendi. Ya bomba, umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilipofika, bombani kulikuwa na foleni ndefu ya ndoo. Jioni ile kulikuwa na mechi katika uwanja wa shule yetu, nami nilitaka nifike watu wakiwa bado uwanjani wanione nikiendesha. Ziwa Singidani lilikuwa pale pale, linametameta, halina foleni.

Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kuambiwa maji ya ziwa lile yakoje. Ukinawa uso yanawasha macho, na yakikauka juu ya mawe yanaacha utando mweupe. Mimi pia nilijua. Mmoja wa wenzangu wawili niliowapakia aliniuliza, "Wee Elia, si ya chumvi hayo?" Nikamjibu, "Injini haina ulimi." Wakacheka sana. Nami nikalipenda lile neno, nikalirudia njia nzima hadi Misigiri. Nilijaza rejeta, nikajaza na dumu la lita ishirini, na kwa siku tano nikawa naongeza maji kutoka kwenye dumu lile lile. Ningeweza kuyamwaga nyumbani siku ya kwanza. Sikumwaga, kwa sababu gari lilikuwa linatembea vizuri na neno langu lilikuwa bado linachekesha.

Siku ya tano ndipo ukaja ule mvuke.

Fundi Athumani alitoka gerejini kwake akijifuta mikono. Baba naye akafika kwa baiskeli, maana habari ilimfikia shambani. Fundi akasubiri injini ipoe, akafungua mfuniko, akachovya, akaonja. Akatema. Akaonja tena.

"Chumvi hii," alisema. Akanitazama mimi, si kwa ukali. "Kijana, hii ulitia maji ya wapi?"

Nilikuwa na watu labda thelathini nyuma yangu, na wale wenzangu wawili, na miwani usoni.

"Ya bomba, baba mkubwa. Bomba la stendi, Singida."

"Hakuna bomba lenye chumvi hii."

"Athumani," baba akasema, "wiki iliyopita ni wewe uliyefungua silinda hedi. Leo gari linafoka mvuke. Sasa unatafuta chumvi."

"Mimi nakwambia ninachokionja."

"Na mimi nakwambia mwanangu hajawahi kunidanganya."

"Kwa hiyo ulimi wangu ndio mwongo?"

"Si ulimi," baba akasema. "Mwongo ni wewe."

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitunguu, Mama Rehema, mwenye maneno mengi. Akasema kwa sauti, "Fundi leo kaonja jasho lake!" Watu wakaangua kicheko. Fundi Athumani akafunga mfuniko wa rejeta polepole, akaukaza vizuri kama vile gari bado ni lake kulitunza, akarudi gerejini. Mwezi haukuisha akawa amefungasha spana zake na kuhamia mjini Singida. Krismasi ile tulichinja wenyewe.

Ngoja nikwambie kitu kimoja kuhusu baba. Hakuita fundi mwingine. Tulimvuta Beberu kwa ng'ombe hadi uani, akaegeshwa karibu na ghala, na kila aliyeshauri aletwe fundi wa Kiomboi au wa Shelui, baba alimjibu kwamba gari halijafa, limegoma. Nadhani kumleta fundi mwingine kungekuwa kukubali kwamba Athumani hatarudi. Hilo nililielewa nikiwa mtu mzima. Wakati ule nililoliona ni kwamba kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki, gari lile lilikuwa linanitazama.

Kwa hiyo nikaondoka. Nilirina asali Rungwa misimu mitatu. Nilikuwa utingo wa lori la kwenda Mbeya, nikachimba mawe Geita, nikauza mitumba Kigoma, nikarudi tena Rungwa. Watu walidhani mimi ni mtu wa kupenda kusafiri, na kweli napenda. Mpaka leo nikisikia honi ya basi la alfajiri, miguu inawasha. Lakini kila niliporudi nyumbani kusalimia, nilikaa siku nne au tano, nikaliona gari, nikakumbuka kazi niliyoiacha mahali fulani. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto hajakaa, tayari ameondoka." Yeye alidhani ni tabia. Mimi nilijua ni chumvi.

Mwaka huu nilirudi mwezi wa tatu. Nikamkuta baba, sasa ana miaka sabini na tisa, amesimama mbele ya Beberu na fimbo yake. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Mbigili ulikuwa umeota hadi kwenye bampa.

"Wanunuzi wa chuma chakavu watakuja wiki ijayo kulikata," akaniambia. "Nataka nafasi ya kuanikia alizeti."

Aliyasema hayo akitazama pembeni, mwanangu. Nikajisikia vibaya kuliko siku ya mvuke. Nikasema, "Baba, niachie mpaka alizeti ikomae. Nitaliwasha."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na utakaa mpaka alizeti ikomae?" Hilo ndilo lililomshangaza zaidi.

Nikakaa. Nasema kwa fahari kwamba nilikaa. Nililinyanyua gari kwa jeki na magogo, nikatoa viota vya nyigu kwenye ekzosi, nikahamisha kuku ambao walinilaani kwa siku tatu. Injini ilikuwa imeganda kabisa. Nikatoa plagi, nikamimina oili iliyochanganywa na dizeli ndani ya kila silinda, nikaacha siku tisa. Siku ya kumi nikachomeka hendeli kule mbele, ile ya kuzungushia kwa mkono, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikasogea kiasi cha upana wa kidole. Nilipiga kelele hadi mama akatoka na mwiko akidhani kuna nyoka. Nikaosha kabureta kwa mswaki wa meno na petroli. Nikasugua pointi za cheche kwa msasa. Mambo haya nilikuwa nimeyaokota njiani, kidogo Mbeya, kidogo Kigoma, na sasa yote yalikuwa na mahali pa kwenda. Baba alileta kiti chake cha kukunja akakaa karibu, akinipa spana kabla sijaomba. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu nikiwa mtoto.

Kisha nikajaza rejeta maji, ya bomba. Asubuhi nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikaona imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanashuka ndani. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ililazimika kufunguliwa.

Nilijua nitakachokikuta. Nililegeza boliti moja moja kama mtu anayefungua barua. Nilipoigeuza hedi juu ya gunia, njia zote za maji zilikuwa zimezibwa na ukoko mweupe, mgumu, mnene kama ganda la yai na zaidi.

Baba akainama kutoka kitini. "Hiyo nyeupe ni nini?"

Hapo, mwanangu, nikapewa nafasi ile ile kwa mara ya pili. Neno "kutu" lilikuwa mdomoni. Lingepita bila shida, maana kutu ipo pia. Nilisema, "Ngoja niioshe kwanza," nikaondoka kwenda kuosha vitu visivyohitaji kuoshwa. Siku mbili nilizunguka. Usiniulize kwa nini mtu wa miaka arobaini na sita anamwogopa baba wa miaka sabini na tisa. Utajua ukifika. Siku ya tatu mama aliniwekea chai na kusema, "Hilo chuma ndilo linaumwa au ni wewe?" Nikainuka na kikombe changu nikamfuata baba pale kwenye kiti.

Nikamwambia yote. Foleni, ziwa, dumu, neno langu la kuchekesha.

Aliendelea kuchagua mbegu za mahindi kwenye ungo. Halafu akauliza, "Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Nilitaka niwahi mechi. Watu wanione."

"Mechi gani?"

"Hapa, uwanja wa shule."

"Nani alishinda?"

Nikafikiri. "Sikumbuki, baba."

"Hata aliyeshinda humkumbuki," akasema. Hakupandisha sauti. Akaweka ungo chini, akabandua kipande cha ule ukoko kwa kisu, akakitia ndani ya kiberiti kitupu, akaingia ndani kuvaa koti lake la kanisani. "Twende Singida," akasema. "Basi la saa nne tutalipata."

Gereji ya fundi Athumani mjini ni kubwa kuliko ile ya njia panda, ina vijana watano wenye ovaroli. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia kichwani, anakaza kitu mapajani.

"Hodi, fundi," baba akasema.

"Karibu, mzee. Gari gani?" Hakuinua uso.

"Beberu."

Spana ikasimama. Fundi akainua uso, akamtazama baba kuanzia viatu hadi kichwani. "Umezeeka, Baba Elia."

"Wewe je, umebaki kijana?"

"Mimi nimekunywa oili, sizeeki."

"Nimekuja na mtoto," baba akasema. "Ana neno."

"Mtoto? Huyu mwenye mvi?"

Nikamwamkia. Baba akatoa kiberiti akakifungua na kumpa. Fundi akakishika muda mrefu. Vijana wake walisogea, hawakujua wanachosubiri. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akainua kidole, kikakaa hewani karibu na mdomo. Kisha akaonja. Akatema pembeni.

"Bado ile ile," akasema. Akanigeukia, na maneno yalikuwa yale yale, hata sauti. "Kijana, hii ulitia maji ya wapi?"

"Ya ziwa, baba mkubwa. Singidani. Nilikudanganya mbele ya watu."

Akamgeukia baba. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwongo hakuwa wewe, Athumani. Nimekuja kulirudisha neno langu."

Nilidhani atafurahi. Alikaa akitazama kidole chake. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Alisema: "Baba yako alinitukana kwa hasira. Tusi la hasira ningelisahau, na mimi nimetukana wengi. Wewe ulisema kwa upole, ukaniita baba mkubwa. Nikajiuliza, mtoto huyu atanidanganya kwa nini? Labda ulimi wangu umekufa. Tangu siku ile sijaonja tena gari la mtu. Hawa vijana wangu hawajui hata kama niliwahi kufanya hivyo. Uliniambia uongo mmoja, ukanichukulia kazi yangu niliyoipenda."

Nilisema tu, "Nisamehe, baba mkubwa."

"Kusamehe ni leo leo," akasema. "Kulisafisha hilo chuma ni wiki. Mwambie mama yako atafute ukwaju. Mwingi. Asitie sukari."

Alikuja Ijumaa baada ya swala, na sanduku lake la spana. Mama alikuwa amechemsha ukwaju kwenye sufuria la harusi. Tuliizamisha hedi ndani ya nusu pipa la maji yale meusi machachu, na mengine tukayajaza kwenye njia za maji za injini yenyewe. Ukoko ulichemka mapovu. Siku tatu tulimwaga maji kama uji wa mtama na kujaza mengine, hadi chuma kikaonekana. Wazee wawili wale walikaa upande huu na upande ule wa injini wakibishana tangu asubuhi: kuhusu nani alikwama Sekenke, nani alimkimbia simba ambaye hakuwa simba, kwa nini chai ya Wakristo ni nyepesi. Hedi tukaipeleka mjini ikasawazishwa kwenye mashine. Fundi akatafuta rejeta nzima kwa mafundi wenzake. Valvu nilisaga mwenyewe kwa mkono, naye alizipima kwa kuzimiminia petroli na kuangalia kama inavuja. Haikuvuja hata tone. "Nani alikufundisha?" akauliza. Nikamwambia, "Barabara." Akasema, "Basi hukuzurura bure." Nimesifiwa mara chache maishani, mwanangu. Hiyo naihesabu ya kwanza.

Siku ya kuwasha, fundi alinionyesha kushika hendeli: kidole gumba upande mmoja na vingine, usikifungie kuzunguka mpini, maana injini ikirudisha itakivunja. Nikazungusha. Ikakohoa. Nikazungusha tena, moshi wa buluu ukatoka na manyoya ya kuku, Beberu akatikisika mwili mzima, akanguruma. Baba alisimama bila fimbo. Na mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alikuwa ameshabandika maji ya ugali.

Tuliketi watatu mbele, mimi kwenye usukani, baba katikati, fundi mlangoni. Waliniambia nizunguke hadi kanisani na kurudi. Lakini nilipofika njia panda nikasimamisha gari kando ya vitunguu, nikazima.

"Mbona umesimama?" baba akauliza. "Limechemsha?"

"Hapana. Kuna kazi ya hapa haijaisha."

Nikashuka. Watu walishaanza kukusanyika, maana Beberu alikuwa hajaonekana barabarani miaka ishirini na saba. Nikasema kwa sauti mimi ni nani, na kwamba gari hili liliharibikia hapa, na fundi huyu aliitwa mwongo hapa, na mwongo nilikuwa mimi: nilitia maji ya ziwa nikasema ni ya bomba.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Sasa mzee, ndiyo umesimamisha gari uje utuhubirie habari za maji?" Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, nilistahili.

"Nyamaza wewe!" Ilikuwa sauti ya Mama Rehema. Bado yuko pale pale na vitunguu vyake, sasa bibi, mgongo umepinda, maneno hayajapinda. "Mimi nilikuwepo. Nilimcheka fundi wa watu." Akaja hadi mlangoni mwa gari, akamshika fundi mkono kwa mikono miwili. "Fundi, kumbe ilikuwa chumvi kweli?"

"Ilikuwa chumvi, mama."

"Basi na mimi nisamehe."

Dereva wa fuso aliyekuwa anakunywa soda akasikia habari ya kuonja. Akasema kwa dhihaka, "Mzee, la kwangu je? Limepoa hilo." Fundi Athumani akatutazama. Akashuka polepole, akaomba kitambaa, akafungua mfuniko, akachovya kidole, akaonja mbele ya watu wote. Akatema.

"Maji ya bomba," akasema. "Ila ndoo uliyochotea ilikuwa ya kufulia nguo."

Dereva akamgeukia utingo wake. Utingo akainamisha kichwa. Njia panda nzima ikalipuka. Walipiga makofi, walipiga honi za bodaboda, na fundi akarudi kwenye Beberu akitembea kama bwana harusi.

Tulipokuwa tunarudi, baba akasema, akitazama mbele, "Athumani, mwanangu huyu amewahi kunidanganya mara moja tu."

"Mara moja tu?"

"Nyingine sijazijua."

Walicheka hadi nikaogopa watagonga usukani. Nilijivunia, mwanangu. Nilijivunia gari, nilijivunia mikono yangu, lakini zaidi nilijivunia kukaa kiti kimoja na wazee wale wawili nikiwa sina kitu cha kuwaficha. Alizeti tuliianika upande wa pili wa ua. Nafasi ilitosha.

Sasa sikiliza, ndipo ninapofikia. Utakosea. Utakuwa na haraka ya kuonekana, utachota maji ya karibu. Hilo si kubwa, chuma kina ukwaju wake. Lakini ukiulizwa, jibu siku hiyo hiyo, hata kama watu thelathini wanakutazama na umevaa miwani. Mtu anayebeba lawama yako anapoteza zaidi ya unachokiona. Anaweza kupoteza imani na kazi ya mikono yake, na wewe utahama mkoa kwa mkoa ukiikimbia chumvi yako mwenyewe. Na kama umechelewa, kama nilivyochelewa mimi, usiende kusema chemba. Rudi pale pale uliposemea uongo, usemee ukweli hapo hapo. Injini haina ulimi, hilo nilikuwa sahihi. Ulimi ulikuwa wangu.

Ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa baba. Dumu la maji liko chini ya kiti, ni ya bomba, nimejaza mwenyewe. Mungu akupe safari ndefu na akupe sababu ya kurudi. Milima uipande kama Beberu, mashine yako ipoe upesi, na kila utakapomwamkia mzee, uweze kumtazama machoni mpaka amalize kuitikia. Nenda salama, mwanangu. Kidole gumba usikifungie.